Mbuzi wa Ntheo Waliorudishwa

Mbuzi walirudi Jumamosi saa nne asubuhi, wamepandishwa nyuma ya pikapu ya magunia ya ndengu iliyotoka Mwingi, Ukambani. Makau alikuwa kazini kwake mtaani Kongo, pale Kawangware, Nairobi, akichomelea geti la mteja, miwani myeusi usoni. Hakuwaona kwanza. Aliwasikia, na akazima mashine, kwa sababu mtu aliyelea mbuzi kwa mkono wake hajidanganyi kuhusu sauti zao.

Dereva akawateremsha mmoja mmoja: Madoa, kisha mwenzake mweusi. Walikuwa wanene, manyoya yanang'aa, wazuri wa kupigwa picha.

"Mzee Mutunga amesema nikupatie hizi," dereva akasema. "Na amesema hana maneno mengine."

Makau alishika kamba mbili mikononi akasimama katikati ya vyuma vyake, mbele ya mafundi wenzake na wapita njia, na uso ukamwaka moto. Aibu hiyo hata mtoto wa Kikamba angeielewa. Kwa Wakamba, mwanamume anaweza kuishi na mwanamke miaka ishirini, wakazaa na kujenga, lakini kama hajapeleka mbuzi wa ntheo kwa baba wa mwanamke, huyo bado si mke wake. Ni mgeni aliyekawia kuondoka. Mbuzi ni watatu: dume huchinjwa siku hiyohiyo na kuliwa na pande zote mbili, majike wawili hubaki kwa wakwe wazae. Sasa Mzee Mutunga, baba mkwe wake, amewarudisha majike. Maana yake ni kwamba Ndanu, aliyekaa naye chumba kimoja mtaani Kabiro miaka kumi na minne, aliyemzalia binti, Kaluki, hakuwa mke wa mtu tena.

Jioni Ndanu aliwakuta mbuzi wamefungwa mlangoni, akaweka chini sufuria zake za muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa. Hakuuliza. Baba yake alikuwa ameshampigia simu. "Amesema niende nyumbani mwisho wa mwezi, kama mambo hayajanyooka," alisema. "Amesema yeye hana mkwe Nairobi. Mbuzi wamekaa kwake miaka miwili, wamepandwa na kila beberu wa kijiji, na hakuna hata mmoja aliyezaa. Majirani wanamcheka. Wanasema Makau alichagua tasa makusudi, ili mzee asifaidi kitu."

"Mimi?" Makau akasema. "Mimi nilale na makasi ya majani mkononi mwaka mzima, halafu nichague tasa?"

Na kweli alikuwa na haki ya kukasirika, angalau kwa sehemu hiyo. Maana masharti ya Mzee Mutunga hayakuwa ya kawaida. Wanaume wengine huenda soko la Dagoretti, wakanunua mbuzi, wakapakia, wakamaliza. Mzee alikataa. "Umekaa na binti yangu kwa wizi miaka kumi," alimwambia. "Basi usiniletee mbuzi wa kamba ya mtu mwingine. Niletee uliowalea mwenyewe. Nairobi haina majani, nione utafanyaje."

Makau alichukua neno hilo kama vita. Alinunua vitoto viwili vya kike vilivyoachishwa ziwa juzi, na beberu mmoja wa kuchinjwa, akawajengea kibanda cha mabati nyuma ya ploti. Shida ikawa chakula. Mbuzi wa Kawangware wanajulikana: wanalala barabarani, wanakula maganda ya ndizi, karatasi na mifuko, wanazaa mapacha kama kwa kukomoa watu. Makau hakutaka mbuzi wa ntheo waliokulia jalalani. Alitaka mbuzi wa majani.

Majani alipewa na Osewe.

Huyu Osewe hakuwa mtu wa kupita tu. Walikuwa wamepakana ukuta Kabiro miaka tisa, mmoja akikohoa mwingine anamwambia pole. Cheche ilipomwingia Makau jichoni, ni Osewe aliyembeba mgongoni hadi hospitali, huku akimtania kwamba Wakamba ni wazito kwa kula muthokoi. Alikuwa mtu wa ziwa, mrefu, mcheshi, na kazi yake ilikuwa kwenye lori la eksosta, lile la kunyonya vyoo na matangi ya maji machafu. Bondeni, kando ya mto, alilima kipande cha ardhi ambacho mwenyewe hajulikani aliko, akapanda majani ya nepia. Hata ukame ulipokausha kila kitu, nepia ya Osewe ilisimama juu kuliko kichwa cha mtu, kijani hadi inaelekea weusi.

"Baba Kaluki, kata venye unataka," Osewe alimwambia. "Wewe si wa kuuziwa."

Makau alikata. Kila siku kabla ya kazi alishuka bondeni na gunia, mwaka na zaidi. Wenzake Kongo walimcheka kwamba mbuzi wake wanakula saladi. Vitoto vikakua vikawa mitamba wakubwa, na kabla hata hawajaonja dume viwele vyao vilianza kujaa. Makau alifurahi. Alisema hiyo ni dalili ya maziwa. Mtu akipenda kitu, kila kasoro huipa jina zuri.

Kulikuwa na kasoro nyingine ambayo hakuipa jina lolote. Miezi mitano kabla ya safari ya Mwingi, alimwomba Duncan, mfugaji wa mtaa wa pili, amlete beberu wake, maana lile dume la ntheo hakutaka lipande. Beberu akapanda wote wawili, na baada ya wiki tatu wakarudi kwenye joto. Akaitwa tena. Wakarudi tena. Akaitwa mara ya tatu. Osewe mwenyewe alishika kamba siku hiyo, akipiga mdomo kwamba beberu wa Duncan anahitaji likizo. Makau alijiambia kwamba mitamba bado ni wachanga. Ndanu alipouliza kama wameshika, alimjibu kwamba wameshika.

Siku ya ntheo, Osewe ndiye aliyesimama mbele ya wazee kama shahidi wa Makau. Kwa Kiswahili chake cha Nairobi aliwachekesha mpaka mama mkwe akajifuta machozi. "Wazee, mimi si Mkamba, mimi ni mtu wa samaki," alisema. "Lakini hizi mbuzi nazijua tangu zikiwa hivi," akaonyesha goti lake. "Nimezilisha na hii mikono. Hakuna kasoro." Dume likachinjwa. Mzee Mutunga akawapapasa majike wawili mgongoni, akamtazama Makau, na kwa mara ya kwanza akamwita mwanangu.

Hayo ndiyo yaliyorudishwa na pikapu ya ndengu.

Siku ya tatu Makau alimwita daktari wa mifugo, mwanamke anayeitwa Wangoi, anayezunguka mitaa hiyo akichanja mbwa na kutibu nguruwe. Wangoi aliwakagua mbuzi kwa utulivu, akavua glavu, akauliza swali ambalo Makau hakulitarajia.

"Wakiwa wadogo walikuwa wanakula nini?"

"Majani peke yake, Daktari. Hawajawahi kugusa takataka."

"Majani ya wapi?"

Makau akampeleka bondeni, hata kwa majivuno kidogo. Osewe alikuwa ameshahama Kabiro kwenda Soweto West, kule Kibera, lakini nepia ilikuwa palepale, imesimama. Wangoi hakuitazama nepia. Alitazama ardhi. Alifuata alama za magurudumu ya lori hadi mahali ambapo udongo ulikuwa mweusi na umeganda, ukitoa harufu, akaushika kwa kijiti.

"Hapa ndipo lori humwaga," alisema. "Na hii sehemu naijua. Miaka minne iliyopita niliitwa hapa. Kulikuwa na mtu ana mbuzi saba, hawazai, wengine viwele vimejaa bila mimba. Nilimwambia awahamishe, asikate majani hapa tena, na awaambie wote wanaokata."

Makau alihesabu. Miaka minne iliyopita vitoto vyake vilikuwa na miezi michache tu, ndio kwanza vinaanza kutafuna nepia.

"Jina lake nani?" aliuliza, ingawa hakuhitaji jina.

"Jina nimesahau. Mtu wa eksosta. Mrefu, anapenda kuchekesha."

Kisha Wangoi alimweleza, kwa subira, kwa sababu aliona uso wake. Mwili una wajumbe wake wanaopita kwenye damu, alisema, homoni. Wao ndio huliambia tumbo la uzazi sasa andaa, sasa shika, sasa ngoja. Uchafu unaonyonywa vyooni na kwenye matangi ya viwanda una mabaki ya vidonge vya kupanga uzazi, una vitu vinavyotoka kwenye plastiki, sabuni, dawa za wadudu. Vingine hujifanya wajumbe. Vinabisha hodi, mwili unafungua. Havimuui mbuzi, havimkondeshi, na mwenye mbuzi haoni kitu.

"Mbuzi mzima ukimtoa mapema mara nyingi anarudi sawa," alisema. "Lakini kitoto ukikidanganya wakati mwili bado unajengwa, unajengwa hivyohivyo. Mimi siwezi kukuapia bila maabara. Ila hawa wawili, singengoja wazae."

Makau alicheka, kicheko kisicho na furaha. Alikuwa akiwaza kwamba hata kitu kisicho na roho kilijua ujanja uleule wa rafiki yake: kuingia kama mtu wa nyumbani.

Kesho yake alifunga kazi mchana akaenda Soweto West. Hakuwa amepiga simu. Alimkuta Osewe ameketi kwenye jiwe nje ya nyumba yake, akitazama mbuzi wake wakila kando ya reli. Walikuwa kumi na wawili. Vitoto vinne vilikuwa vikirukaruka juu ya mawe, na jike mmoja alikuwa na tumbo lililoanguka, siku zake zimekaribia.

"Niaje, Baba Kaluki!" Osewe aliinuka, mikono wazi.

"Mbuzi zako zinazaa," Makau akasema.

Mikono ya Osewe ikabaki hewani kidogo, kisha ikashuka.

"Nani alikushow?"

"Daktari Wangoi. Alikwambia uwaambie wote wanaokata. Mimi nilikuwa nakata kila siku, Osewe. Ulikuwa unanipata huko chini na gunia. Ulikuwa unanisaidia kufunga!"

Osewe alitazama reli. "Ningekuambia, ungeniuliza hayo majani yameharibiwa na nini. Pale si mahali pa kumwaga, Makau. Tulikuwa tunatakiwa tupeleke kwa mtambo wa majitaka, na ni mbali, na boss anataka trip nyingi. Ukiambia mtu mmoja Kabiro, kesho kila mtu anajua. Lori linashikwa, mimi naenda ndani. Eddah na watoto watakula nini?"

"Kwa hivyo ulihamisha zako ukaacha zangu."

"Nilidhani zako zitakuwa sawa. Zilikuwa ndogo."

"Na Mwingi? Ulisimama mbele ya mkwe wangu ukasema hakuna kasoro. Siku hiyo ulikuwa unajua."

"Uliniomba nisimame, nikasimama."

Makau aliificha mikono yake mifukoni asije akaitumia. Ule mgongo uliombeba hospitali alitamani kuuona umegeuka, usirudi tena. Lakini alikuja na ombi, na akalisema. Alitaka jambo moja tu: Osewe aende naye Mwingi, akasimame palepale, akaseme anachojua. Neno lililosemwa mbele ya wazee hutenguliwa na mdomo uleule uliolisema.

Osewe alikirudisha kitoto kimoja kilichosogea relini. Halafu akasema, bila ukali, "Na mdomo wako? Beberu wa Duncan alikuja mara ngapi, Baba Kaluki? Si mimi ndio nilishika kamba?"

"Hiyo ni kitu ingine."

"Sawa," Osewe akasema. "Nitakuja. Jumamosi, mapema."

Jumamosi hakuja Osewe. Alikuja Eddah, mkewe, amemshika kamba yule jike mwenye tumbo lililoanguka. Alisimama mlangoni pa Makau, macho chini, kanga imefungwa vizuri kama mtu anayekwenda matangani.

"Shemeji, baba watoto ameamkia kazini," alisema. "Amesema uchukue huyu. Atazaa wiki hii. Amesema mzee akimuona ataridhika."

"Sikuomba mbuzi, Eddah. Niliomba mtu aje aseme."

"Najua, shemeji."

"Mrudishe kwake."

Eddah alirudi na mbuzi wake, akipita polepole kati ya vibanda, na Makau akamwonea huruma, kwa kuwa kutumwa na mwoga ni kazi mbaya. Ndanu, aliyekuwa amefunga nguo zake kwenye begi moja, alishuhudia yote hayo. Walichukua Madoa na mweusi, wakaenda Mwingi watu wawili na mbuzi wawili, bila shahidi.

Mzee Mutunga aliwapokea uani, amekaa na ndugu zake wawili. Alitazama mlangoni nyuma yao. "Yule mtu wako wa samaki yuko wapi?"

"Amekataa kuja, Mzee. Na nikikueleza utajua kwa nini."

Akaeleza. Na hapo Makau alisema vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yake, maana hasira ikiwa na haki hupanga maneno yenyewe. Aliwaeleza nepia, lori, udongo mweusi, daktari na onyo lake, mbuzi saba waliohamishwa kimyakimya. Aliwaeleza vile vitu vinavyojifanya wajumbe wa mwili. Wazee wale walikuwa wafugaji. Hawakuhitaji maabara kuelewa kwamba kitoto kilicholishwa vibaya hukua vibaya. Mmoja akatema mate chini kwa ajili ya Osewe. Mama mkwe, aliyekuwa jikoni, alisikika akisema, "Ai, mtu mbaya huyo."

Mzee Mutunga alitikisa kichwa taratibu. Uso wake ulikuwa umelegea, na Makau akaona kwamba ameshashinda, kwamba kikombe cha chai kiko njiani. Kisha mzee akauliza, bila mtego wowote, jinsi mfugaji anavyomuuliza mfugaji mwenzake:

"Na wewe ulianza lini kuona hawashiki?"

Jibu lilikuwa jepesi. Wiki iliyopita, Mzee, pikapu ilipokuja. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini Makau alitazama upande, akamwona Ndanu ameketi kwenye kigoda, begi miguuni, akimsikiliza kwa uso wa mtu anayejivunia mtu wake. Akashindwa.

"Kabla sijawaleta," alisema. "Beberu aliwapanda mara tatu. Walirudi kwenye joto mara zote."

Hakuna aliyetema mate. Waswahili husema mficha uchi hazai, na hapa walikuwa wameficha watu wawili, kila mmoja na sababu yake, na mbuzi ndio waliokosa kuzaa.

Ndanu ndiye aliyezungumza kwanza. "Nilikuuliza," alisema. "Nilikuuliza ukiwa unanawa mikono. Ukaniambia wameshika. Nikampigia baba yangu huyu simu nikamwambia, Nau, wanakuja na mimba. Aliwaambia majirani kwa sababu nilimwambia mimi."

"Niliogopa angewakataa. Ningekukosa."

"Njia yote umenieleza habari za Osewe. Osewe, Osewe." Sauti yake haikupanda. "Osewe hajawahi kunidanganya mimi, Makau. Mimi sikumuuliza kitu. Nilikuuliza wewe."

Mzee Mutunga alijikohoza. Hakumfukuza. Pengine ingekuwa rahisi kama angemfukuza. Alisema kwamba kosa la kwanza lilikuwa lake mwenyewe, kwa kumtaka mtu wa mjini alee mbuzi mahali pasipo na malisho, na kwamba Makau aende sokoni akanunue majike wawili waliozaa, wenye vitoto vyao nyuma, awalete. Siku atakayowaleta, wazee watakaa tena kikao. Binti yake atangoja hapa hapa.

"Atangoja?" Makau aliuliza, akimtazama Ndanu.

Ndanu alibeba begi lake. "Baba amesema nitangoja," alijibu, akaingia nyumbani kwa mama yake. Makau alisimama uani kwa muda, akifikiri Ndanu atatoka kumsindikiza hadi barabarani, kama alivyofanya siku zote. Hakutoka.

Akawafungua mbuzi, akashika njia. Walikuwa wazuri kuliko mbuzi yeyote wa upande ule, na kabla hajafika kwenye lami watu wawili walimsimamisha. Wa kwanza, mwanamke aliyekuwa anatoka kisimani, aliwapapasa migongo akauliza kama wanauzwa, maana alikuwa anatafuta majike wa kuzalisha.

"Hawa hawazai, mama," Makau alimwambia. "Nimejua siku nyingi."

Wa pili naye, Makau alimwambia hivyohivyo.